Fundi Aliyegawa Vifaa

Fundi na msusi walikutana kwenye kibanda cha kutengeneza simu, foleni imefika barabarani. Msusi alivaa gauni la njano lililomkaa vilivyo. Simu yake ilikuwa imezimika, mdomo haujazimika.

"Wewe fundi, nimewaacha wateja na vichwa nusu!"

"Tulia, mrembo. Simu haina kosa, umeichosha kwa umbea."

Akacheka. Jioni akampigia kumshukuru, na mapenzi yakaanzia hapo.

Sasa huyo baba mdogo wake fundi! Alimlea yatima kwa mkanda, akamlaza sakafuni jikoni, akamwita mkosi. Leo anajisifu vikaoni: "Nimemlea mwenyewe." Mfyuu! Na mashangazi waliokuwa wakiona yote wanaitikia, chai mkononi. Fundi alipowaambia hapati usingizi, chakula hakipiti, maisha yamemshinda, mzee akacheka. "Mwanaume mzima! Acha kudeka."

Wiki hiyo fundi akampelekea msusi koti lake la jinzi, alilokuwa halivui hata juani.

"Chukua, mpenzi. Mimi sitalihitaji tena."

"Sema umepata mwingine! Nenda, akakununulie jipya!"

Fundi akaondoka.

Kesho yake msusi alikwenda kibandani kumrushia koti lake. Akamkuta fundi mwingine wa hapo peke yake, ameduwaa.

"Shemeji, kanigawia vifaa vyake vyote. Anasema harudi kazini."

Msusi akajiuliza: Fundi gani anahamia kwa mwanamke mwingine akaacha vifaa? Akapiga simu. Ikaita weee, mwishowe ikapokelewa.

"Uko wapi?"

"Chumbani."

"Mpenzi, niambie kweli. Unataka kujiua?"



"Ndiyo. Nimechoka."

"Nisamehe kwa ya jana. Nakuja. Nitukane ukitaka, ila usikate simu."

Hakukata. Msusi na yule fundi mwingine walimfikia, wakampeleka hospitali mchana uleule.

Baba mdogo naye akatokea, suti imenyooka, uso umekunjamana. "Unatuaibisha! Watu watasemaje?"

Hakuuliza hata kama mtoto amekula.

"Baba mdogo," fundi alisema, sauti ikimtetemeka, "nenda nyumbani."

Mzee akabaki mdomo wazi. Vizuri, abaki hivyo hivyo.

Muuguzi akamwita fundi kwa daktari. Fundi akamgeukia msusi, macho yamemjaa machozi.

"Nilitaka kukuoa. Sasa sijui nitapona lini."

"Nani kakwambia nasubiri upone? Nasubiri utoke humo ndani. Nenda, niko hapa."