Posa ya Dakika Nane

Elamine aliupenda ule mkono kabla hajauona uso. Ilikuwa Jumatatu, mwaka 1963, posta ya Mahajanga imefurika watu wanaogombea simu kana kwamba zinagawiwa bure, mara mkono wenye chaki hadi kiwikoni ukapenya na kugonga kaunta.

"Nosy Be, tafadhali. Na iwe leo!"

"Dada, hapa kila mtu ana leo yake," akajibu Elamine, opereta mwenye tai nyembamba na mdomo mpana.

Mwenye mkono akajitokeza: nguo ya shiromani nyekundu mabegani, viatu vya kisigino, kitabu kinene kwapani. "Umesema kweli," akasema, "ila hujui umesema nini."

Huyo ndiye Kouraichia, mwalimu wa hesabu, mtoto wa kisiwa cha Nosy Be. Simu yake siku hiyo ilipatikana upesi ajabu, na waliomtangulia kwenye foleni hawakufurahi.

Baada ya mwezi wakawa wanakula mishikaki pamoja ufukoni kila Ijumaa.

"Fundi wangu," Elamine humwambia, maana kwao mwalimu huitwa fundi, "nieleze tena ile sasa inayoyumba ya kitabu chako."

"Mtu aliyetulia ana sasa yake. Akisema 'sasa hivi kule Nosy Be', anajua anasema nini. Anayekwenda mbio za kukaribia mwanga ana sasa nyingine. Na anayebadilisha mwendo ndiye mwenye kazi: kila akiongeza kasi au akigeuka, sasa yake ya mbali inayumba naye. Akigeuka kuelekea nyumbani, tarehe anayoihesabia kule inaruka mbele."

"Kwa hiyo nikigeuza baiskeli kwa nguvu, mama yako anaota mvi?"

"Mama hana habari nawe. Kilichogeuka ni hesabu yako."

"Hesabu yangu umeigeuza wewe."

"Kula mshikaki wako, mpenzi, unapoa."

Posa ikakubaliwa. Kwa kuwa mzee Mdahoma, baba yake Kouraichia, hakuweza kusafiri, ikaamuliwa fatiha ya kuifunga posa isomwe siku moja katika miji miwili. Kwao upande wa mwanamume ndio huanza. Ukitanguliwa, watu watasema binti ndiye aliyeposa. Ami Boinali, fundi cherehani wa mtaa wa Tsaramandroso aliyemlea Elamine, akakubali kwa shingo upande wasome pamoja: jua likipinduka tu, kila upande uanze.

Siku ilipofika Elamine alikuwa zamu. Simu ikalia. Ni Soulé, opereta wa Nosy Be: "Hongera, shemeji! Tumeshasoma!"

"Wameshasoma!" Elamine akapiga kelele, posta nzima ikamsikia. Ndipo naye akasikia kitu: kimya. Msikiti wa jirani ulikuwa bado haujaadhini adhuhuri. Jua hupinduka Nosy Be kwanza, dakika nane kabla ya Mahajanga. Wazee wa pande zote mbili, wanaoswali kwa jua tangu utoto, hakuna aliyelikumbuka.

Jioni maneno yalikuwa yameshafika Tsaramandroso. "Waseme hadharani kwamba tulisoma pamoja," akasema Ami Boinali, "la sivyo posa imekufa."

Elamine akaipigia Nosy Be, alikokwenda Kouraichia kwa ajili ya fatiha. "Kourai, roho yangu, sema tu tulisoma pamoja. Si wewe unayefundisha kwamba 'pamoja' inategemea nani anatazama?"

"Unataka nifunike aibu ya ami yako kwa elimu yangu?"

"Ni uongo mdogo tu."

"Basi uoe huo uongo."

Simu ikakatwa.

Wiki tatu baadaye Kouraichia alirudi Mahajanga kutoa somo la ile sasa inayoyumba mbele ya mkaguzi na wazazi. Akifaulu, angekuwa mwanamke wa kwanza wa jamaa zao kufundisha darasa la mwisho. Elamine alikaa nyuma, amekonda. Kando yake Ami Boinali, kofia mpya, amekuja na swali lake.

"Mwalimu," akasimama somo lilipokwisha, "kwa hesabu hizi, fatiha mbili, moja Nosy Be na moja hapa, je, hazikusomwa pamoja?"

Neno moja tu, na arusi ingekuwepo.

"Ami, yapo matukio yasiyo na wa kwanza wala wa pili," Kouraichia akajibu. "Ni yale ambayo hata mwanga hauwezi kutoka moja ukaliwahi jingine. Hayo kila msafiri huyapanga kivyake. Lakini kwa dakika nane mwanga ungekwenda Nosy Be na kurudi zaidi ya mara laki mbili. Hapo hakuna msafiri, apinde, aongeze kasi, ageuke apendavyo, atakayesema mlianza ninyi." Akashusha pumzi. "Tulianza sisi. Wala sioni aibu, kwa kuwa mtu huyu namtaka."

Elamine akajikuta amesimama juu ya benchi.

"Ami, nimeposwa!" akapaza sauti. "Nami nimekubali. Fundi, nisamehe ule uongo, sikujua ninaoa nani."

"Shuka, utavunja benchi la serikali," Kouraichia akasema, akicheka huku akifuta machozi.

Mkaguzi alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Ami Boinali akausoma ubao wa somo uliojaa mistari asiyoielewa hata mmoja. Kisha akamgeukia jirani yake, mtu asiyemjua kabisa, akamwambia kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni:

"Unamwona yule? Mke wa mwanangu yule. Kamposa mwenyewe!"