Mbuzi wa Mashine Namba Nne

"Achia waya!"

"Achia wewe! Mimi nimeiwahi, nimeshaweka mkono juu ya—"

"Juu ya kava, dada. Kava siyo kompyuta. Mwenye waya ndiye—"

"Kwani umekuja kununua waya?"

"Nimekuja kununua vyote, na wewe utaondoka na vumbi!"

Mwanamke alikuwa amesimama, kiganja juu ya mashine namba nne kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Sketi ya njano, viatu vyeupe, na kwenye mkono wa blauzi unga wa plasta uliogoma kupanguswa. Mwanamume hakuonekana. Yeye alikuwa chini ya meza, na kilichobaki nje ni buti mbili, ovaroli ya bluu yenye grisi, na fungu la funguo lililokuwa linagonga sakafu kila alipovuta.

Pande zote watu walikuwa wanasukumana. Kafe ya intaneti ilikuwa inafungwa, na mwenyewe alikuwa anauza kila kitu, mpaka vitasa vya milango. Wateja walimwita Mama Dakika, maana kwa miaka yote hiyo salamu yake ilikuwa moja: dakika zako zimekwisha.

"Nyie wa namba nne!" alipaza sauti kutoka kaunta. "Mtanivunjia meza! Elewaneni, au namuuzia huyu kaka, yeye anataka boksi tu akafugie kuku."

Kaka wa kuku akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa hana haraka.

Mwanamume akatoka chini ya meza kinyumenyume, akajigonga kisogo, akatukana kidogo, akainuka. "Sikiliza dada yangu, tuongee kistaar—"

Mdomo ukabaki wazi.

"Komamanga?"

Jina hilo lilikuwa halijasikika miaka. Kazini kwa mwanamke huyo, maabara ambako anachonga meno ya bandia, wageni humwita Daktari kwa sababu ya koti jeupe, na wanaomjua humwita Dada Meno. Komamanga ni jina alilojiandikisha siku ya kwanza alipokaa mbele ya mashine hii, akiwa msichana wa masomo ya jioni, mwenye mashavu ya kumwekea jina hilo.

"Kisigino," alisema. Sauti ilishuka ghorofa mbili nzima.

"Umenenepa."

"Na wewe nywele za mbele zimehama."

"Zimerudi nyuma kujipanga."

Alitaka kucheka, akakumbuka kuwa amemkasirikia, akakunja uso. "Toa mkono kwenye waya."

"Unaitakia nini?"

"Wewe unaitakia nini?"

Jibu lilikuwa moja na wote walilijua. Ndani ya mashine ile kulikuwa na dunia yao.

Ulikuwa ule mchezo wa kujenga, ambako kila kitu ni mraba, hata jua. Wengine walijenga majumba. Hawa wawili walijenga wanyama. Unafungua kidirisha cheusi, unaandika alama ya mkwaju, neno la kuita, aina ya mnyama, kisha ndani ya mabano unamwaga sifa zake: kimo, rangi, sauti, mwenye mali. Unabonyeza, kiumbe kinasimama mbele yako. Kisigino alijua amri. Komamanga alijua wazimu.

"Nataka kuku wa zambarau anayenguruma."

"Haya, bi mkubwa."

"Na farasi mdogo kama sungura, alie kama paka."

"Huyo farasi atanipeleka motoni."

Walikaa viti viwili kwenye mashine moja, feni ikikwaruza juu yao, magoti yakijidai yamegusana kwa bahati mbaya. Ukikosea mkato mmoja, kuku anatoka mkubwa kama mlima na kukaa juu ya nyumba. Walicheka mpaka Mama Dakika akaja na tochi yake. "Mikono juu ya kibodi! Yote minne niione!" Halafu aliwaongezea dakika bila kusema, akarudi kaunta akijifanya ana hasira. Mnyama akitoka vibaya hawakuhangaika kumrekebisha. Walimfuta, wakamwita upya. Ndiyo ilikuwa kazi yao: futa, ita upya.

Kisha akaja mbuzi. Wa waridi, mrefu kuliko nyumba, miguu myembamba kama vijiti. Kisigino alimwandika Komamanga kuwa mwenye mali, kwa hiyo mbuzi alimfuata kila alikokwenda, na akiachwa mbali aliibuka tu nyuma yake.

"Huyu ni mdogo wangu," Kisigino alisema siku hiyo. "Angalia miguu."

"Kama ni mdogo wako, basi kwangu ni shemeji," Komamanga alijibu, macho kwenye skrini.

Masikio ya Kisigino yaliwaka. Mbuzi akaitwa Shemeji, na mapenzi yakaanza hapo, bila hotuba.

"Ikagueni kwanza kama inawaka," Mama Dakika alisema sasa, akiwapisha watu. "Sitaki mtu aje kunirudishia."

Wakaiwasha. Ikalia ule mlio wake wa mzee anayeamka kwenye kiti. Dunia ikafunguka: kilima, lango, nyasi za mraba. Kimya. Hakuna mnyama.

"Hata kuku mmoja," Kisigino alisema. "Kweli ulifanya kazi safi."

"Mimi? Na wewe uliyemgandisha Shemeji?"

"Nilimgandisha kwa sababu—"

"Umepata kazi ya kutengeneza lifti mji wa mbali, sawa, hongera. Nakuja hapa, naingia, namwona Shemeji kule langoni amesimama kama nguzo ya umeme. Naondoka, hanifuati. Narudi, hageuki. Nikasema kumbe ndivyo. Mwenzangu kaniachia sanamu."

"Watoto wa shule walikuwa wanampeleka kwenye volkano! Wewe unajua hapa mashine ilikuwa ya kila mtu. Nilitaka umkute mzima!"

"Ungesema!"

"Nilisema! Nilikuandikia kwenye jina lake!"

"Jina gani?"

Kisigino akamtazama kama mtu aliyefungua lifti akakuta hakuna lifti.

"Hukusoma jina?"

Kwenye mchezo ule jina la mnyama huelea juu ya kichwa chake, lakini halionekani ukiwa mbali. Ni mpaka usogee.

"Sikusogea," alisema taratibu. "Nilisimama hapo kilimani. Nilitaka kumfuta nimwite upya, anayetembea. Kama siku zote. Nikaandika amri ya kufuta, nikasahau kuandika afutwe nani."

"Mungu wangu."

"Ikafuta wote. Kuku, farasi, Shemeji. Na mimi mwenyewe, skrini ikawa nyekundu. Nikasema ngoja, nitawaita tena. Simu ikaita. Walikuwa wa nyumbani. Baba amezidiwa." Alifuta vumbi ambalo halikuwepo kwenye kibodi. "Tulimzika wiki ile ile. Nilikupigia, Kisigino. Nilikupigia mpaka yule dada wa haipatikani tukawa kama ndugu. Hata msibani hukuja."

"Mzee alifariki?" Alikaa kwenye kiti bila kuangalia kama kipo. Bahati kilikuwepo. "Sikujua. Naapa sikujua, kule kwenye mashimo ya lifti mtandao haufiki. Mimi nilirudi mwisho wa mwezi kuchukua jibu langu. Nikakuta umeua dunia nzima. Nikasema hili ni jibu, tena la mtu asiyetaka kubembelezwa. Nikatoka, nikatupa laini."

"Jibu la swali gani?"

Simu ya Kisigino ikaita. Alipokea bila kuangalia. "Eeh… Kakwama ghorofa ya sita? Funguo ya pili ipo kwenye sanduku langu, mshushe taratibu… Analia? Mwambie avumilie, hata mimi nimekwama." Akakata.

"Swali gani, Kisigino?"

"Umeoa? Nilitaka kusema, umeolewa?"

"Na meno ya bandia. Wewe?"

"Nani atakubali kuolewa na mtu anayeshinda shimoni?" Akavuta kiti cha pili. "Andika. Mkwaju."

Komamanga aliandika. Vidole vilikuwa vimesahau maneno lakini siyo njia. Kimo. Rangi ya waridi. Kwenye sehemu ya mwenye mali akasita. "Hapa niandike nani?"

"Alivyoandikwa mwanzo."

Akaandika Komamanga, akabonyeza.

Mbuzi akasimama kilimani, wa waridi, miguu ya vijiti. Akatikisa sikio. Komamanga akapiga hatua, mbuzi akamfuata, na mwanamke mzima mwenye koti la maabara kwenye mkoba alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Sasa nipishe," Kisigino alisema. Akaandika jina, herufi kwa herufi, akimziba asione. "Usogee, safari hii."

Akasogea. Herufi zikatokea juu ya pembe.

NILETE WAZEE?

"Nilete wazee," kaka wa kuku alisoma kwa sauti nyuma yao. "Wazee gani tena?"

Komamanga alikuwa anatazama skrini, na machozi yalikuwa yamefika kidevuni kabla hajagundua.

"Siku ile," alisema, "neno hili lilikuwa linaelea pale langoni."

"Bado linaelea. Mimi sijabadilisha kitu. Mama yangu yupo, wajomba wapo, hata Jumapili hii wakiambiwa—"

"Uwalete kwa nani?"

"Kwenu."

"Kwetu wapi? Mama nilimzika nikiwa mtoto. Baba ndiyo hivyo. Nyumba ndugu wameipangisha, na nikiwapigia wanadhani nataka kuirudisha. Wazee wako watabisha hodi kwa nani, Kisigino? Kwenye chumba changu, nijitokeze mwenyewe niwaambie karibuni, mwenye binti ni mimi?"

Hilo Kisigino hakuwahi kulifikiria. Alikuwa amefikiria kimo cha mbuzi, rangi ya mbuzi, na usalama wa mbuzi. Mkono wake ukatafuta wa mwenzake kwenye kibodi, ukaupata, ukabaki.

Komamanga aliutoa polepole. Akainuka, akanyoosha sketi ya njano, akapita katikati ya watu mpaka kaunta. Mama Dakika alikuwa anamfungia mteja feni kwa kamba, meno yameshika ncha moja.

"Mmeelewana?" aliuliza kupitia kamba. "Nani anachukua?"

"Mama," Komamanga alisema, na duka lote likamsikia. "Jumapili kuna wazee wanakuja kuniposa. Sina mtu wa kuwafungulia mlango. Naomba wakukute wewe. Naomba unipokelee."