Mjomba Aliyekula Peke Yake

Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla sijavaa sare ya shule, ilikuwa kufagia chumba cha mbele. Mjomba wangu ni fundi cherehani na chumba hicho ndicho karakana yake. Nilikusanya mabaki ya nyuzi, nikapitisha sumaku sakafuni kuokota pini, kisha nikampangia vitu vyake mezani: mkasi, chaki, futi kamba, na kibakuli chenye vifungo na wembe wa kufumulia mishono. Mjomba husema kwamba fundi asiyejua vitu vyake vilipo hushona suruali yenye miguu mitatu.

Nilikuja kukaa kwake nilipoingia darasa la tano, kwa sababu mama alipata kazi mahali pa mbali ambapo hapakuwa na shule karibu. Mwanzoni maisha yalikuwa matamu. Mjomba aliniita Uzi, kwa kuwa mimi ni mrefu na mwembamba. Tulikula sahani moja. Nilikuwa nikimpokonya vipande vya nyama, naye akilalamika kwamba mpwa wake atamla mpaka viatu.

Siku moja alitoka kuchangia damu hospitalini, akarudi kimya. Jioni ile alinipakulia chakula changu, akachukua chake kwenye sahani ya bati, akaenda kula chumbani kwake. Nikadhani amechoka. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa pia. Akanunua kikombe chake mwenyewe, akawa anakifungia kabatini na ufunguo anautia mfukoni. Nikimsogelea na daftari, alisema, "Liweke hapo mezani, Uzi, nitalitazama," huku akijisogeza pembeni.

Tuliishi hivyo miezi minane. Nilikula nikitazama ukuta, huku nikisikia kijiko chake kikigonga bati upande wa pili wa mlango. Siku nyingine nilikula polepole kwa makusudi, ili tumalize pamoja. Sijawahi kuwa mpweke kiasi kile, na niliona aibu kumwambia mtu.

Nilijichunguza nione nimekosa nini, sikuona. Mwisho nikamwuliza jirani yetu, fundi saa. Huyu ni mzee mcheshi. Saa zake zote ukutani huonyesha nyakati tofauti, na ukimwuliza saa ngapi, atakwambia uchague unayoipenda. Siku hiyo alikuwa amekuja kuazima wembe wa mjomba akate kucha, kama kawaida yake.

"Mzee, mtu akikunyamazia anamaanisha nini?"

"Nani, mjomba wako?" Akacheka. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe! Wewe una mwaka na nusu hapa. Jembe lako liko wapi?"

Alikuwa akitania tu, lakini mimi niliyachukulia maneno yale kuwa kweli. Nikaamini kwamba mjomba amenichoka, na kwamba siku si nyingi atanirudisha kwa mama, kule kusiko na shule. Basi nikaamua kulishika jembe langu. Niliteka maji, nikapiga pasi nguo za wateja, nikaosha vyombo kabla sijaambiwa. Mjomba alisema tu, "Ahsante, kapumzike," akaendelea kukanyaga cherehani.

Yeye mwenyewe hakuwa mzima. Aliketi tangu asubuhi mpaka jua lizame. Maji hakunywa, eti safari za chooni zinamchelewesha, ila soda hazikumpita. Sigara alizokuwa ameziacha zilirudi. Kila siku alimeza vidonge viwili vya maumivu ya mgongo alivyojinunulia dukani, na chakula chake alikinyunyizia chumvi kabla hata hajakionja. Jioni miguu yake ilivimba. Niliyaona yote hayo, lakini ningeanzia wapi kumwuliza mtu asiyetaka hata nimkaribie?

Jumamosi moja zililetwa sketi kumi na mbili za kwaya. Pindo zote zilitakiwa zifumuliwe na kushushwa. Mjomba alipotoka kwenda kununua uzi wa njano, niliona nafasi yangu imefika. Akirudi akute kazi imekwisha, nilijiambia, hawezi kunifukuza. Nikachukua wembe kwenye kibakuli. Ulikuwa na doa la kahawia lililokauka, sikujali. Nikafumua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika ya nne, wembe ukateleza ukanikata kidole, na damu ikadondokea sketi.

Papo hapo mjomba akaingia. Dole gumba lake lilikuwa limefungwa kitambaa. Alitazama kidole changu, akatazama wembe, na mzigo wa uzi ukamponyoka.

"Umejikata kwa wembe huo?"

"Nitaifua sketi, mjomba! Nitaifua sasa hivi!" Nilianza kulia. "Usinirudishe kwa mama. Nitafanya kazi zote. Sitakula sana."

"Nikurudishe? Nani kasema?"

"Huli na mimi. Hutaki nikukaribie. Umenichoka."

Mjomba, mtu mzima yule, akakaa chini katikati ya sketi.

"Uzi, mimi ni mgonjwa," akasema. "Siku ile ya kuchangia damu waliniambia nina virusi vya homa ya ini. Niliposikia neno virusi, mengine yote yaliingia sikio hili yakatokea lile. Waliniambia nirudi, sikurudi. Niliogopa. Nikaona heri nitenge sahani na kikombe, nisije nikakuambukiza. Na leo asubuhi nimejikata kwa wembe huu huu."

Alinyanyuka, akanishika mkono, akaniosha kidole kwa sabuni na maji ya bomba. Najua ni ajabu, kwa kuwa yeye alikuwa amejaa hofu, lakini mimi nilifurahi. Tangu siku ile ya damu hakuwa amenishika mkono hata mara moja.

Kituo cha afya hakikuwa mbali. Tulimkuta nesi mwenye miwani, mtu wa maneno machache, na mjomba akamsimulia kila kitu, hata habari ya kikombe. Alinikagua kidole, akataka kuona kadi yangu ya chanjo. Mjomba akampigia mama, naye akatuma picha ya kadi kwa simu. Nesi akaisoma taratibu.

"Chanjo ya homa ya ini aina ya B alipata zote utotoni," alisema. "Bila shaka ana kinga, lakini nitampima ili tuwe na uhakika." Kisha akamgeukia mjomba. "Kikombe ulikifungia kabatini?"

"Ndiyo, dada."

"Na wembe?"

Mjomba akainamisha kichwa. "Ulikuwa mezani."

"Hata jirani huuazima akate kucha," nikadakia.

"Haya makubwa! Mmemfunga asiye na hatia, mwenye hatia mkamwacha azurure!" Nesi alivua miwani. "Sikilizeni. Virusi vyako haviambukizwi kwa sahani, wala kikombe, wala kukumbatiana. Hupita kwenye damu. Wembe, sindano, hata mswaki, kila mtu awe na wake. Huyo jirani naye aje apimwe."

Akampima mjomba shinikizo la damu, akalikuta juu. Akampima mkojo, akakunja uso.

"Kuna protini humu. Figo zako zimeanza kulalamika. Mwenye homa ya ini yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa figo, na namna anavyoishi inaweza kuiongeza hatari hiyo au kuipunguza. Wewe unaishije?"

"Kawaida tu," mjomba akajibu haraka.

Ningenyamaza, asingenikasirikia. Lakini nilikuwa nimenyamaza miezi minane, na kimya hicho hakikutusaidia mimi wala yeye.

"Si kweli, mjomba," nikasema. Nikataja sigara, chumvi, soda, vidonge, kukaa kutwa bila maji, na miguu inayovimba. Mjomba alinikazia macho, na nilitamani sakafu inimeze. Kisha akashusha pumzi.

"Andika, dada," akasema. "Yote ni kweli."

Nesi akaandika, akakata karatasi ya rufaa ya kliniki ya ini. "Virusi hukuvichagua, kaka yangu," alimwambia. "Lakini sigara na vidonge vya kujiandikia mwenyewe umevichagua, na unaweza kuanza kuviacha leo. Soda na chumvi punguza. Maji kunywa. Na huyu mtoto mshukuru."

Majibu yangu yalionyesha kwamba kinga ipo. Fundi saa alikutwa hana virusi, akachanjwa, akalalamika wiki nzima kuhusu sindano kana kwamba alichomwa mkuki. Mjomba alianza kliniki, nasi tukarudi kula sahani moja. Sigara zilimshinda mara mbili, mara ya tatu akazishinda yeye. Wembe uliotumika ukawa unatiwa kwenye kopo lenye mfuniko, na hakuna tena wa kuazima. Kila alfajiri tulitembea pamoja hadi lango la shule, kisha yeye akarudi kwa kuzunguka mbali, apate mazoezi.

Baada ya miezi mitatu nesi alimpima tena. Shinikizo lilikuwa limeshuka na protini haikuonekana. "Usilewe furaha," alimwonya. "Kliniki ni ya kudumu."

Tulipotoka, mjomba alikaa kwanza kwenye benchi la nje. Nikakaa karibu naye.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Mimi nusura kiniumbue, tena nusura nikuponze na wewe. Ningeuliza habari za ugonjwa wangu, ningejua kwamba naweza kula na mtoto wangu. Nilijitesa bure, nikakutesa na wewe."

Akaniwekea mkono begani.

"Na wewe una kosa lako, Uzi. Ukiona jambo limekukaa moyoni, liulize siku hiyo hiyo, kwa mwenye nalo. Usilifuge mpaka likufanye mgeni ndani ya nyumba yako mwenyewe."