Waliomhukumu Bonifasia

Hilux nyeupe ilikata kona ya tatu bila kugusa breki.

Restituta Kapinga naye hakugusa.

Aliilaza Honda XL yake mpaka goti likakaribia lami, akainyanyua, akavuta mafuta. Barabara ya kutoka Mbinga kwenda ziwani inashuka milima kwa kona juu ya kona, na dereva asiyeizoea huishia bondeni. Restituta aliizoea. Alizaliwa Maguu, kwenye milima hiyohiyo.

Nyuma ya Hilux yalipangwa magunia ya mahindi ya Mpepai. Katikati ya mahindi zilifichwa risasi za bunduki za kivita, maelfu, zinazosubiriwa ng'ambo ya ziwa na watu wasiovaa sare ya jeshi lolote.

Redio ya Motorola ikakoroma sikioni mwake.

"Saba, uko umbali gani?"

Alikuwa Emiliana, mchambuzi wa Idara ya Usalama, aliyekaa Songea mbele ya kompyuta tatu.

"Mita mia."

"Mkuu anasema inatosha. Mwache apite."

"Nimekusikia."

Restituta akapunguza mwendo, kama mtu aliyeogopa kona. Hakuwa amemfukuza yule dereva ili amkamate. Alimfukuza ili atishike, akimbilie kwa bosi wake badala ya kuzungukazunguka. Mapema asubuhi hiyo, dereva alipokuwa anakunywa chai Mbinga mjini, Restituta alibandika kifaa cha sumaku chini ya gari lake. Sasa nukta nyekundu ilikuwa inatembea kwenye saa yake ya Garmin, ikiteremka kuelekea ziwani.

Saa tatu na dakika arobaini. Muda wa mwisho ulikuwa saa sita mchana.

Baada ya hapo Bonifasia angekuwa maiti.

Bonifasia alikuwa mjane wa wiki mbili. Mumewe, Hyasinti Mapunda, alijulikana nchi nzima. Ndiye aliyetengeneza Salama Ziwani, programu ya simu inayowaambia wavuvi upepo unakotoka na wenzao walipo. Magazeti yalimwandika, vyuo vilimwita akahutubie, na bado kila mwezi alirudi Maguu kuchuma kahawa na mkewe, mwalimu wa shule ya msingi.

Kisha Hyasinti akaona jambo kwenye kompyuta yake. Boti tatu zilikuwa zinazima simu zote zikifika katikati ya ziwa, palepale, kila Jumanne. Akaiandikia Idara. Restituta ndiye aliyetumwa kumsikiliza. Walikaa Mbinga saa nzima, Restituta akamwambia asimweleze mtu, asubiri wiki mbili kibali cha uchunguzi kitoke.

"Sawa, dada," Hyasinti alijibu. "Nasubiri."

Siku ya tano wavuvi waliukuta mwili wake ufukweni Lipingo, kisogo kimepasuliwa.

Restituta hakulia. Alirudia neno hilo kichwani, nasubiri, nasubiri, akala nalo, akaoga nalo. Alitaka mtu. Alitaka uso wa mtu na shingo ya mtu.

Mitandao ilikuwa imeshampata mtu wake. Mwili haujafika hata chumba cha maiti, ukurasa uitwao Sauti ya Mwambao uliandika kwamba Bonifasia alikuwa na mwanamume mwingine, na ndiye aliyemmaliza mumewe. Hapakuwa na ushahidi. Hakuna aliyeuomba.

"Macho yake tu yanaonyesha."

"Wanawake wa siku hizi bwana, ndo maana mimi sioi."

"Aletwe hapa tumalizane naye."

"Mimi nilishasema toka jana, mkanipuuza."

Watu ambao hawajawahi kufika Mbinga walimhukumu wakiwa kwenye foleni ya benki. Wengine walitoka karibu zaidi. Majirani wa Maguu, watu waliokula pilau ya harusi yake, waliandika kwa majina yao halisi, na siku ya tatu wakaja na petroli wakachoma jiko lake. Masista wakamchukua kwa siri na kumficha. Waliojua alipo hawakuzidi watano.

Sasa Sauti ya Mwambao ilikuwa imetangaza: leo, saa sita mchana, moja kwa moja hewani, itaonyesha alipojificha muuaji. Bodaboda Mbinga nzima zilikuwa zimeshajaza mafuta.

Lakini aliyeupanga moto huo aliteleza mara moja.

Emiliana alisoma maoni elfu kumi na mbili, moja baada ya jingine, siku nne. Katikati yake akakuta hili: "Mume kalala ziwani na kiatu kimoja, yeye analia kwenye kamera." Lilidumu dakika tatu, likafutwa. Mwili ulikutwa kweli na kiatu kimoja, lakini habari hiyo haikutangazwa popote. Waliijua wavuvi wawili, ambao hawakuwa na simu za intaneti, daktari, Restituta, Emiliana na Mkuu wao.

Na muuaji.

Simu iliyoandika maneno yale iliwahi kuwekwa Salama Ziwani, na programu ya marehemu ilikuwa bado inamkumbuka mwenye simu. Rodrick Kumburu. Rafiki wa Hyasinti tangu chuoni, mshirika wake wa kazi. Siku ya maziko alibeba jeneza, upande wa mbele. Tangu hapo hakuonekana tena; aliyejua alipo ni dereva wake wa Hilux.

Nukta nyekundu ilisimama Lipingo saa nne na nusu.

Restituta aliificha pikipiki kwenye shamba la mihogo, akasogea kwa kuinama. Nyumba ilikuwa ya matofali, bati jipya, dishi la intaneti juu yake. Ufukweni boti yenye injini ya Yamaha ilikuwa inapakiwa magunia na yule dereva na mwenzake. Mlinzi mmoja, mwenye gobore, alisimama kivulini.

"Boti inaondoka," alinong'ona redioni.

"Iache. Polisi wanamaji wako nyuma ya miamba," Emiliana akajibu.

Boti ilipotoweka, Restituta akamfikia mlinzi kwa nyuma. Mkono mmoja shingoni, mwingine mdomoni. Mlinzi akafurukuta pumzi tatu, akalegea. Alimfunga kwa kamba za plastiki, akamlaza ubavu asije akakabwa na ulimi wake, akachukua gobore na kulitupa mihogoni.

Kisha akasukuma mlango.

Chumba kilijaa simu. Zilipangwa kwenye rafu za chuma, sitini au zaidi, kila moja inawaka, kila moja ikiwa mtu tofauti mwenye jina na picha ya kuazima. Rodrick alikaa mbele ya kamera, shati jeupe, anachana nywele.

Restituta akamwelekezea Glock 19 katikati ya macho.

"Simama. Mikono juu."

Rodrick alisimama. Alimtazama kwa muda, akatabasamu kidogo.

"Ulikuwepo msibani," alisema. "Nilidhani ni ndugu."

Kidole cha Restituta kilikuwa kwenye kifyatulio. Kilo mbili na nusu tu za nguvu, basi. Hakuna ambaye angeuliza. Angeandika kwenye ripoti kwamba mtuhumiwa alifikia silaha, na Mkuu angesaini. Alisikia damu ikimgonga masikioni, na ndani ya damu hiyo lile neno, nasubiri.

Mkono wa kushoto ukaingia mfukoni, ukabonyeza kitu kidogo chenye ukubwa wa kifungo cha koti. Sikioni Emiliana akasema neno moja.

"Tayari."

"Kiatu cha pili kiko wapi?" Restituta akauliza.

Rodrick akacheka kwa pua. Alikuwa mtu wa kuzungumza. Maisha yake yote alitoka kwenye matatizo kwa mdomo. Alimweleza kwamba boti imeshaondoka, wenye mzigo wana watu wakubwa, na yeye yuko tayari kumuunganisha nao. Akasema kuua si kazi yake, alilazimika. Hyasinti alimwonyesha zile boti tatu kwa kumwamini, akauliza maswali mengi, hakutaka kunyamaza.

"Kiatu, Rodrick."

"Kilibaki kwenye boti. Nilikitupa ziwani. Unataka ukakiokote?"

"Na Bonifasia alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Watu walitaka mtu wa kumchukia, mimi nikawapa jina. Mimi niliandika mara mia mbili, dada. Yale elfu kumi na mengine waliandika wenyewe, bure." Akashusha mikono taratibu. "Na ukiyasema haya, nani atakuamini? Nchi imeshahukumu."

"Waulize," Restituta alisema.

Alichukua simu moja kutoka kwenye rafu, akamgeuzia kioo.

Rodrick aliona uso wake mwenyewe. Shati jeupe, nywele zilizochanwa. Chini yake namba ya watazamaji: laki moja na elfu kumi na tisa, inapanda. Kupitia kile kifaa cha mfukoni, Emiliana alikuwa ameingia kwenye mitambo ya Rodrick na kuiwasha kamera ile, hewani kwenye Sauti ya Mwambao, tangu swali la kwanza.

Na maoni yalikuwa yameshaanza kumiminika.

"Kumbe ni huyu nyoka."

"Macho yake tu yanaonyesha."

"Hapo ni Lipingo, naijua hiyo nyumba. Tuko njiani."

"Aletwe hapa."

Rodrick akasogeza uso karibu na kioo. Alisoma, akashindwa kuacha kusoma. Mbali kidogo, upande wa kijijini, kelele za pikipiki zikasikika, mbili, kisha nyingi.

"Dada, nipeleke polisi," alisema. "Tafadhali. Sasa hivi."

Restituta akamfunga pingu kwenye rafu ya chuma, katikati ya simu zake sitini. Akarudisha bastola kiunoni.

"Subiri," alimwambia.

Akatoka nje, akakaa kwenye kizingiti, mgongo mlangoni. Wavuvi wa Lipingo walifika kwanza, na makasia mikononi, kisha bodaboda. Aliwaamkia wazee shikamoo, hakusogea. Aliwaambia mtu huyu ataingia mahakamani akiwa mzima na atakaa ndani mpaka azeeke. Walinung'unika, wakampigia Rodrick kelele kupitia dirishani, na Restituta hakuwanyamazisha. Land Cruiser ya polisi ilichukua dakika thelathini na tano kufika. Hakuiomba iharakishe.

Simu ya Mkuu iliingia. Boti imekamatwa, magunia yote. Kisha Mkuu, mzee Edmund Haule, akauliza.

"Umemuua?"

"Hapana, Mkuu."

"Ulitaka?"

"Bado nataka."

Jioni, jua likiwa bado juu ya milima, alifika kwa masista. Bonifasia alikuwa uani, amevaa kaniki, anachambua maharage. Alikuwa ameshasikia. Alimkaribisha kiti, akauliza swali moja.

"Na wale walioandika?"

Restituta alimweleza kwamba wameshaanza kufuta. Wengine wanaandika pole. Wengine wameshahamia kwa mtu mwingine. Sheria itawafikia waliochoma jiko; waliobaki ni wengi mno.

Kisha akatoa karatasi tatu zilizokunjwa. Emiliana alikuwa amezihifadhi kabla hazijafutwa: watu wa Maguu peke yao, jina, siku, na neno kwa neno alichoandika kila mmoja.

Bonifasia alisoma ukurasa wa kwanza wote. Kidole chake kilisimama kwenye jina la mwalimu mwenzake, kikasimama tena kwenye jina la mama aliyemsimamia ubatizo.

"Jumamosi nitarudi nyumbani," alisema. "Nitapita mlango kwa mlango. Nitakaa, nitapewa maji, halafu kila mmoja atanisomea lake, kwa sauti, mimi nikimwangalia."

"Wakikataa?"

"Nitakaa mpaka wasome."

Restituta aliitikia kwa kichwa. Akavaa kofia ngumu, akavuka ua, akaipiga Honda teke moja, ikawaka.