Vazi Lililosikia Salama

Asubuhi ile Tusekile alikoroga chai yake kama anavyoikoroga kila siku, kijiko kikigonga kikombe kwa mdundo uleule, na mdogo wake Atupele hakumwangalia. Alikuwa akipiga pasi gauni la kuvaa kwenye uzinduzi. Gauni zima lilinyooka ndipo akatambua kwamba kijiko bado kinagonga.

Akageuka. Dada yake alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, na mkono wa kulia ukiendelea kukoroga chai iliyokwisha kupoa.

Lililokuwa likikoroga ni vazimwendo.

Vazi hilo, jembamba kama soksi, lilimfunika Tusekile kuanzia shingoni hadi vifundoni. Ndani yake zilifumwa nyuzi zinazojikunja na kujikunjua kama misuli, zikiongozwa na akili mnemba iliyokaa katika kifungo kimoja cha kola. Atupele alilibuni katika karakana ya zana za tiba huko Dodoma, na tangu mwanzo alilibuni kwa ajili ya mtu mmoja. Dada yake alikuwa na sklerosisi, maradhi ambayo kinga ya mwili hukosea adui na kuutafuna utando wa mishipa ya fahamu, kama panya anavyotafuna ganda la waya. Amri hutoka kwenye ubongo, lakini mguuni hufika imechelewa, au haifiki kabisa. Vazi liliibashiri amri hiyo na kuitimiza.

"Dada," Atupele aliita. "Dada Tuse."

Macho yakafunguka. Mkono ukasimama.

"Sijalala," alisema Tusekile. "Nilikuwa naisikiliza chai."

"Imepoa."

"Basi nimeisikiliza sana."

Walicheka, ingawa kicheko cha Atupele kilikatika njiani. Alikuwa amefika Mbeya jana yake kwa treni ya sumaku. Saa nne gari lingekuja kuwachukua kwenda kwenye uzinduzi wa vazi. Tusekile angepanda jukwaani bila kushikwa mkono, mbele ya jopo la afya, na jopo likiridhika, kila mgonjwa wa maradhi hayo nchini angepewa vazi kama lile.

"Hodi hapa kwa watu wa kwenye runinga." Alikuwa Mama Lusajo, jirani, ameshika kitenge kilichokunjwa vizuri.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mhandisi wetu. Nimemletea dada yako nguo ya kung'aa nayo." Akaketi bila kuambiwa. "Umetuokoa, mwanangu. Huyu zamani tulikuwa tunamwekea kiti tu kivulini. Jana msibani kasonga ugali wa watu wote, sisi wazima tumekaa tunapepea. Na kesho ni maandazi ya kwaya, asijifiche."

"Ugali wa msiba mzima? Kwenye joto hili?" Atupele aliuliza. Mbeya haikuwa tena mji wa masweta, baridi yake ilikuwa imebaki kwenye picha za zamani.

"Vazi ndilo lililosonga," Mama Lusajo alimjibia Tusekile. "Yeye kasimama tu."

Tusekile alitabasamu, akashukuru kwa kitenge.

Jirani alipoondoka, neno lile halikuondoka naye. Kasimama tu. Atupele alijua, tena kuliko wengi, kwamba uchovu wa sklerosisi haukai kwenye misuli. Ni kama umeme wa nyumba nzima kufifia. Mtu hulala usiku kucha na kuamka kama aliyekesha, na joto huuzidisha. Ndiyo maana aliliwekea vazi sharti: kila asubuhi lazima limuulize mgonjwa hali yake, na akisema amechoka, lipunguze kazi na kumlaza. Tangu lianze kutumika, vazi halijamlaza Tusekile hata mara moja. Jopo liliandika kwamba hayo ni mafanikio makubwa. Atupele alisoma, akafurahi.

Alibonyeza kifungo, akakizima, akakiwasha upya.

"Shikamoo, Dada Tusekile," vazi lilisema, kwa sauti ya upole ambayo Atupele mwenyewe aliichagua.

"Marahaba."

"Umeamkaje?"

"Salama, ila..."

Kifungo kikawaka kijani. Nyuzi zikakaza. Tusekile akainuliwa kitini, akasimama wima, tayari kwa kazi, mdomo wake bado uko kwenye lile neno.

Atupele aliikazia macho taa ile ya kijani. Nani kwao asiyejua? Hata aliyefiwa huanza na salama, kisha ndipo aseme msiba. Na yeye, aliyefundishwa na dada huyuhuyu kwamba salamu haijibiwi kwa malalamiko, alikuwa amelifundisha vazi kuchukua neno la kwanza na kuondoka nalo.

"Ni hivi kila siku?"

"Lina haraka," alisema Tusekile, akiwa amesimama. "Kama wewe ulipokuwa mdogo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unapiga simu, unauliza, vazi linafanya kazi? Nakujibu linafanya. Si linafanya?"

Hapo Atupele akazikumbuka simu zile. Salama, ila. Naye: asante dada, nakimbilia kikao. Vazi halikujifunzia haraka yake mahali pengine.

Alianza kulifungua, kola kwanza, kisha mabega, kisha kiuno. Chini yake ngozi ilikuwa ya moto, imeachiwa michirizi na zile nyuzi. Vazi lilipolegea, Tusekile alishuka kama kanga iliyoteleza kwenye kamba, na Atupele akamdaka, akamlaza kwenye kochi, akalowesha kitambaa na kumwekea shingoni.

Nje honi ililia. Kisha simu.

"Mko njiani?" Alikuwa Mzee Kyando, mkuu wa karakana.

"Bado, mzee."

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Neno lilikuwa tayari ulimini, limezoea njia. "Salama, mzee," alisema Atupele. "Ila vazi linamuumiza. Lisipitishwe leo."

"Unajua ni wangapi wanalisubiri?"

"Najua."

"Basi utakuja kuwaambia mwenyewe."

"Nitakuja. Peke yangu."

Aliweka simu chini. Tusekile alikuwa amefumba macho, lakini alikuwa amesikia.

"Umeiharibu kazi yako kwa ajili yangu," alisema.

Atupele alipiga magoti sakafuni, karibu na uso wake. Alitaka kuomba msamaha, akaona kwamba hata msamaha ungemlazimu dada yake kumbembeleza. Akaanza upya, kama anayefika mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Umeamkaje?"

"Salama, ila..."

Akanyamaza kwa mazoea, mabega yakijikaza kungoja kuinuliwa. Hakuna kilichomuinua. Honi ililia tena, na Atupele hakusogea. Mabega yakalegea polepole.

"Ila nimechoka," alisema Tusekile. "Nilikuwa nimechoka kabla hujaliwasha, Atu. Nimechoka kusifiwa kwamba nimesimama. Leo nataka kulala, na nikiamka, mtu asinipongeze."