Picha Iliyobaki Saluni

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu, fundi magari tunayemwita Bonge, na Bonge si mtu wa kutishika ovyo.

Mkewe alikuwa msusi. Wanawake walikwenda saluni kwake hata siku ambazo hawasuki, wakacheke tu, maana alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alipofariki, saluni ikafungwa. Alasiri moja ndugu walipokuwa wakijiandaa kumkumbuka, Bonge alikwenda na binti yao mdogo kuchukua picha ya marehemu iliyobaki ukutani kule.

Umeme ulishakatwa, na wingu la mvua lilikuwa zito. Ndani giza tupu.

"Kaa kwenye kiti hapo, mwanangu," alisema, akaanza kupapasa ukuta.

Mara akasikia kitana kikigongwa kwenye ukingo wa meza: ko, ko, ko. Kimya. Kisha viganja vikafikichwa taratibu, kama vya mtu anayejipaka mafuta.

"Ni wewe unachezea vitu?"

"Hapana, baba."

Akazidi kupapasa haraka. Mkono wake ukaigusa picha, akaichomoa. "Njoo twende!"

"Subiri, baba. Bado upande mmoja."

Alimnyakua mtoto, akatoka naye mbio hadi barazani kwenye mwanga. Walikuwa wametoka nyumbani nywele za mtoto zikiwa timutimu. Upande wa kulia ulikuwa vilevile. Wa kushoto ulikuwa umesukwa mistari myembamba, iliyonyooka, na mafuta yake yalikuwa bado na joto la viganja.