Feruzi Lililobaki

Haya yalimkuta rafiki yangu sonara, mtu asiyeamini mambo ya nyota hata kidogo, ingawa ndiyo yanayomuuzia mawe.

Mama mmoja alitaka pete ya mumewe aliyelazwa. Sonara akamwekea mawe mawili juu ya mzani. "Feruzi ni laini, hunywa jasho likabadilika rangi. Ni la nyota ya Mshale, humlinda msafiri. Akiki ni gumu, ni la Nge, humtuliza mtu mahali pake."

"Mume wangu ni Mshale," mama akasema. "Lakini sitaki asafiri, fundi. Nipe akiki."

Sonara akasita, ila nani atabishana na mke wa mgonjwa? Akalipachika kwenye pete, mama akaondoka nayo mbio.

Saa kumi alasiri umeme ukakatika. Karakana haina dirisha, ikawa giza totoro. Ndipo akasikia pumzi nzito, za taratibu, upande wa mzani. Simu ikaita. Ni yule mama, analia: "Nimemvisha pete, fundi. Hapumui!"

Simu ilipokatika, akawasha tochi yake. Feruzi lilikuwa na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa. Akalifuta kwa kidole. Likapata ukungu tena.

Hadi leo liko palepale mzanini. Hathubutu kulifunika.